Mgeni Asiyepewa Jembe

Tarehe 29 Januari 2010, siku 17 baada ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wa Port-au-Prince, basi moja lilizuiwa katika kituo cha Malpasse, mahali ambapo Haiti inapakana na Jamhuri ya Dominika. Ndani yake walikuwamo Wamarekani kumi, waumini wa Kibaptisti, wengi wao wakitoka jimbo la Idaho, pamoja na watoto 33. Mdogo kabisa alikuwa na umri wa miezi miwili na mkubwa alikuwa na miaka 12. Hapakuwa na karatasi ya serikali yoyote iliyoruhusu watoto hao kuvuka mpaka. Kilichokuwapo ni mpango ulioandikwa vizuri: kukusanya yatima 100 kutoka katika mitaa na makao yaliyoporomoka, kuwavusha hadi Cabarete, mji wa pwani wenye hoteli za watalii, na kuwaweka huko katika hoteli iliyokodiwa mpaka makao mapya yatakapojengwa. Safari ilitangazwa makanisani kuwa ni ya kuwaokoa watoto. Waumini waliichangia, wakaiombea, wakawaaga wasafiri kwa nyimbo.

Ilikuja kubainika kwamba wengi wa watoto hao, kama si wote, walikuwa na mzazi aliye hai. Sehemu kubwa yao walitoka Callebas, kijiji cha milimani juu ya mji mkuu. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika makao ya yatima, na aliyejua Kiingereza, aliwakusanya wanakijiji kwenye uwanja wa mpira na kuwafikishia ahadi ya wageni: watoto watasoma, watakula, watacheza, na wazazi wataweza kwenda kuwatazama. Wazazi wakawatoa wana wao kwa mikono yao wenyewe. Jambo hilo ndilo lililofanywa ngao na watetezi wa safari ile, kwamba hakuna aliyenyang'anywa mtoto. Ni kweli, hakuna. Lakini mzazi asiye na akiba wala uhakika wa mlo wa kesho, anayeulizwa katika wiki ya tatu ya msiba, kwa ulimi wa mkalimani, iwapo anataka mwanawe asome au asisome, huyo hakuulizwa swali. Alisomewa hukumu iliyokwisha kuandikwa Idaho.

Sheria ilimaliza shughuli yake. Wasafiri wale walishitakiwa kwa utekaji wa watoto. Tisa wakaachiliwa, na kiongozi wao akatiwa hatiani mwezi Mei kwa kosa la kupanga safari isiyo halali, akahesabiwa kuwa kifungo amekwisha kukitumikia. Watoto karibu wote walirudishwa kwa wazazi wao mwezi Machi. (Mtu aliyejitokeza kuwa mshauri wao wa sheria, ikagunduliwa baadaye, alikuwa akitafutwa na polisi wa El Salvador kwa tuhuma za biashara ya binadamu. Mtunzi wa tamthilia angeona aibu kuandika hivyo.) Magazeti yakahamia kwenye habari nyingine, na shauri lililostahili kusikilizwa halikusikilizwa kamwe: si shauri la watu kumi, bali la desturi iliyowazaa.

Hapo ndipo mtetezi anaponyanyuka. Husema kwamba si haki kuuhukumu msikiti mzima kwa mwizi wa viatu mlangoni. Na hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau wale kumi wangekuwa wezi. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wema, wenye imani, walioacha kazi zao na kulipa nauli zao. Walifanya yale yale yanayofanywa kila mwaka na makundi mengine, isipokuwa wao waliyafuata hadi mwisho wake. Walifika mahali wasipopajua, wakaamua kabla ya kufika ni nini kinachohitajika, wakamtumia mwenyeji mmoja kuwa mdomo wao, wakachukua kimya cha wengine kuwa ni ridhaa, na wakapanga kuwa wamekwisha ifikapo tarehe ya tiketi ya kurudi. Katika desturi hiyo basi la Malpasse si ajali, ni kituo cha mwisho cha njia iliyonyooka.

Desturi yenyewe si ndogo. Mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa uchunguzi wa mwaka 2005, alikadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 husafiri nje ya nchi yao kila mwaka katika safari fupi za misheni za makanisa. Safari huwa ya wiki moja au mbili, aghalabu wakati shule zimefungwa. Kundi huvaa fulana za rangi moja zenye aya ya Biblia mgongoni. Asubuhi hupaka rangi ukuta wa shule, pengine ukuta uliokwisha kupakwa na kundi la mwezi uliotangulia. Mchana huwafundisha watoto nyimbo zenye ishara za mikono. Jioni huketi katika duara na kuelezana walivyoguswa. Kwa kuwa hawajui lugha ya wenyeji, Injili huigizwa kwa maigizo ya bubu. Siku ya mwisho huenda ufukweni. Wakirejea, husimama mbele ya waumini wenzao na kushuhudia jinsi walivyowakuta watu maskini wenye furaha, na jinsi walivyokwenda kutoa wakajikuta wamepokea.

Ushuhuda huo wa mwisho ni wa kweli kuliko wanavyodhani wanaoutoa. Walipokea. Katika biashara nzima hiyo, mpokeaji ni mmoja, naye ndiye aliyerudi nyumbani.

Ushahidi upo, na umetoka kwa mtu wa ndani ya kanisa, si kwa adui yake. Baada ya kimbunga Mitch kuiharibu Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya Wakristo wa Amerika ya Kaskazini yalikwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia wa Chuo cha Calvin aliyeishi Honduras miaka mingi, alizichunguza nyumba hizo na waliopewa, akachapisha matokeo mwaka 2006. Alilinganisha familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya wenyeji, asione tofauti yenye maana, si kwa maisha wala kwa imani. Nyumba moja iligharimu kiasi cha dola 2,000 ikijengwa na mafundi wa nchi. Kundi moja la wageni lilitumia mara nyingi zaidi ya kiasi hicho kwa nauli na malazi tu. Wahonduras walipoulizwa, walisema kwa adabu kwamba wageni ni watu wazuri, lakini fedha zile zingejenga nyumba nyingi zaidi. Hata ile hoja inayopendwa kuliko zote, kwamba msafiri hurudi akiwa mtu mpya na kutoa zaidi maisha yake yote, haikusimama: mabadiliko aliyoyakuta miongoni mwa wasafiri wenyewe, katika kutoa na katika kuomba, yalikuwa madogo.

Fundi wa Kihonduras aliyekaa bila kazi wakati mwanafunzi wa chuo akipigilia misumari yake hakuandikwa katika ushuhuda wowote. Haiti ilikwisha kulijua somo hilo kwa njia ya wali. Mwaka 1995 ushuru wa mchele kutoka nje ulishushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani uliolipiwa ruzuku ukamiminika bandarini, na mkulima wa bonde la Artibonite akashindwa kuuza wake. Mwaka 2010 Bill Clinton mwenyewe, aliyekuwa rais wakati huo wa 1995, aliomba radhi hadharani kwa sera hiyo. Mikono ya bure humfanyia seremala vile vile chakula rahisi kilivyomfanyia mkulima.

Lakini ukuta na misumari ni jambo jepesi. Zito ni watoto. Hakuna kinachopendwa na kundi la safari fupi kuliko makao ya yatima, kwa sababu hapo huruma hupata pa kukaa mara moja: mtoto hupakatwa, picha hupigwa, machozi hutoka. Na penye wanunuzi wa huruma hapakosi wachuuzi. Ripoti ya shirika la Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba duniani, katika kila watoto watano walioko kwenye makao, wanne angalau wana mzazi mmoja aliye hai. Kwa Haiti, shirika la Lumos lilihesabu mwaka 2017 watoto wapatao 30,000 katika makao, na kuona kwamba asilimia 80 hivi kati yao hawakuwa yatima kamili. Watoto hao walifikishwa huko na umaskini na ahadi ya shule. Makao yenyewe yalisimama kwa fedha za wafadhili wa nje, wengi wao makanisa ya Marekani. Fedha hizo hizo zingempa mama karo na unga, abaki na mwanawe. Lakini mama mwenye karo na unga, aliyeketi kwake na mwanawe, hana ukumbi wa kupokelea wageni. Kenya, iliyoliona tatizo hilo hilo kwake, ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017. Serikali haichukui hatua kama hiyo kwa sababu ya yatima kupungua.

Watu wa visiwani wana haki ya kulisema jambo hili kwa sauti, kwani wamisionari wanawajua kwa kuishi nao, na wanajua kwamba mtu anaweza kupingana na misheni kwa nguvu zake zote bila kuidharau. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja, na wanafunzi wao wa kwanza, kama ilivyokuwa kwa wale wa Malpasse, walikuwa watoto wa watu: wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, Sayyid Majid akawakabidhi kwa Askofu. Hakuna wa kusema kwamba watoto wale waliulizwa. Tofauti ni kwamba waliowachukua hawakuwa na tiketi ya kurudi. Waliwaona wakikua, wakiugua, wakibisha, wakioa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879, miaka 15 baadaye. Steere alijifunza Kiswahili kwa Waswahili, akatoa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wa hadithi alizozisikia kwa watu wa Unguja, vyote viwili mwaka 1870. Mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa pale lilipokuwa soko la watumwa. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo, na kaburi lake lipo hadi leo.

Kule Mombasa, Ludwig Krapf alifika mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mkewe na binti yao mchanga. Hakuondoka. Mwaka huo huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia ni kadhi wa mji. Kamusi yake ilitoka chapani mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mwenzake Rebmann alikaa pwani miaka 29. Aliporudi Ujerumani mwaka 1875 alikuwa amepofuka.

Isidhaniwe kwamba hapa wanasifiwa watakatifu. Nyuma ya misheni ilikuja bendera, na mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya Uingereza; wapo waliopewa Biblia kwa mkono mmoja na kunyimwa nchi kwa mkono wa pili. Vitabu vya wamisionari vina kejeli nyingi juu ya dini na mila za watu waliowakaribisha. Lakini kejeli hizo ziliandikwa kwa lugha ambayo mwenyeji aliisoma, na kwa hiyo aliweza kuzijibu. Godfrey Dale, wa misheni ile ile ya Unguja, alipoitoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, akaiambatisha na maelezo ya kuupinga Uislamu, hakupigwa mawe. Alijibiwa kwa kalamu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliikamilisha tafsiri yake mwenyewe, Qurani Takatifu, iliyochapishwa mwaka 1969, na ndani yake makosa ya Dale yakaonyeshwa moja baada ya jingine. Huo ni ugomvi wa watu wazima. Umeiachia lugha ya Kiswahili vitabu viwili vikubwa, na haungewezekana kama Dale angekuwa amekwisha kupanda ndege siku ya kumi.

Kundi la safari fupi halijibiki. Hilo ndilo kosa lake kubwa, kuliko gharama na kuliko ukuta. Halikai hata likasikia neno la pili, lile ambalo mwenyeji hulisema baada ya adabu kwisha. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na methali hiyo hupendwa sana na wenye kuandaa safari hizi wanapozuru Afrika Mashariki. Hawajui, au hawakukaa hata wakaambiwa, kwamba ipo na nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msomaji na aitazame vizuri. Jembe halitoki mkobani mwa mgeni. Analitoa mwenyeji, naye ndiye anayemwonyesha shamba, ndiye anayejua mstari umepinda wapi na ndiye anayeweza kumwambia: basi, hujui kulima, kaa kivulini. Siku mbili za mwanzo mgeni hakai bure, anatazamwa. Kundi la fulana linakuja na jembe lake, linaanza kulima siku ya kwanza, tena katika shamba lililokwisha kupandwa, na mwenyeji anasimama pembeni akitabasamu kwa kuwa amefunzwa kutomwaibisha mgeni. Tabasamu hilo ndilo linalorudi Marekani katika picha.

Jambo hili lilisemwa zamani, tena na kasisi. Ivan Illich, Mkatoliki, aliyeendesha huko Cuernavaca, Mexico, kituo kilichowafundisha wamisionari Kihispania, aliitwa mwaka 1968 kuzungumza na vijana wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kuwasaidia wanavijiji wa Mexico. Akawataka warudi kwao. Waje kutembea, waje kusoma, lakini wasije kusaidia. Na wakitaka kusaidia, wakafanye hivyo miongoni mwa maskini wa mijini mwao, ambao wanaielewa lugha yao na wanaweza kuwafukuza. Hoja ya kasisi huyo haijapata jibu kwa miaka zaidi ya hamsini. Kumsaidia mtu asiyeweza kukukataa ni kumtumia.

Lipo linalopaswa kukubaliwa kwa insafu. Madaktari wa upasuaji waliokwenda Port-au-Prince katika wiki zile za Januari na Februari waliokoa maisha ya watu, na haitakuwa uungwana kumwambia mtu aliyekatwa mguu ili apone kwamba daktari wake hakujua Kikrioli. Huyo alikwenda na ufundi ambao mahali pale ulikuwa haupatikani kwa wingi uliotakiwa, akaitwa na msiba wenyewe. Hata hivyo swali humfuata naye hadi uwanja wa ndege: nani atakayezifumua nyuzi, na nani atakayemtazama mgonjwa mwezi wa sita? Daktari mwema hulijua swali hilo na huliogopa. Kijana wa brashi na ndoo ya rangi hajawahi kuulizwa la kwake.

Wala wasomaji wa visiwani wasitabasamu mno. Wapo pia wanaoshuka kwa siku tatu za Ramadhani, kutoka nchi zenye neema, wakagawa tende na unga chini ya bango lenye jina la mfadhili, na mjane akapangwa foleni juani hadi kamera ifike. Dini ni nyingine, fulana ni kanzu, lakini mjane yule amenyimwa kile kile alichonyimwa mzazi wa Callebas: nafasi ya kusema hapana na kubaki na heshima yake.

Kanisa linalotaka kwenda Haiti lina njia nyingine, nayo haina siri. Kuna makanisa huko, tena mengi, yenye wachungaji wanaohubiri kwa Kikrioli kilichokuwa lugha rasmi tangu katiba ya mwaka 1987. Kuna walimu wasiolipwa. Kuna mafundi. Nauli ya watu kumi inaweza kupelekwa kwao kwa barua, bila picha, na hesabu ikadaiwa kwa barua vile vile. Kijana anayetaka kwenda mwenyewe ajifunze lugha kwanza, miaka miwili au mitatu, kisha aombe apokelewe, na akubali akiambiwa asije. Ni dhahiri kwa nini njia hii haipendwi: ndani yake hakuna ushuhuda wa kutolewa Jumapili inayofuata.

Tangu hapo Haiti imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mwaka wa tetemeko. Oktoba 2021 genge lenye silaha liliwateka wamisionari 17, Wamarekani 16 na Mkanada mmoja, walipokuwa wakitoka kutembelea makao ya yatima karibu na mji mkuu, likadai dola milioni moja kwa kila kichwa. Wote walikuwa huru kabla ya mwaka kwisha, wengine kwa kutoroka. Novemba 2024 ndege za Marekani zilipigwa marufuku kutua Port-au-Prince baada ya kupigwa risasi angani. Makundi mengi yaliacha kwenda, na safari za likizo zikapangiwa nchi nyingine, zenye hali ya hewa ile ile. Shule zilizosalia wazi Haiti, zahanati zilizosalia na ibada za alfajiri zilibaki mikononi mwa Wahaiti, wale wale ambao kwa miaka mingi walisimama kando wakitazama ukuta wao ukipakwa rangi.